Dakika tatu barazani: tulivyojifunza kusimulia na kuigiza hapa Lamu

MwanaDau (Lamu)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu niliuahidi tangu Ramadhani. Ni mrefu, aliye kazini auweke asome jioni.

Mimi ni mvuvi wa madema na katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wetu. Ukatibu nilipewa kwa sababu naandika vizuri. Kusema mbele za watu ni jambo jingine, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Nilikesha nikiandika kurasa nne: nyavu, leseni, usalama baharini, mtambo wa barafu uliokuwa umekufa, bei za madalali. Kufika pale tukaambiwa kila mtu ana dakika tatu. Nikainamisha kichwa nikasoma. Nilikuwa ukurasa wa pili kengele ilipolia. "Ahsante, acha nakala kwa karani." Nikaketi. Mtambo wa barafu ulikuwa ukurasa wa tatu.

Aliyenifuata ni mama mmoja anayekaanga samaki pale gatini. Hakuwa na karatasi, alikuwa na beseni la bati lililobeuka ukingo, magamba ya tafi yamekauka ndani yake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa afisa aliyekaa katikati, akamwambia, "Mwanangu, nishikie." Afisa akalipokea. Ungefanyaje? Mama wa umri ule akikwambia nishikie, unashika.

Mikono yake ikawa huru. Akaeleza kuwa samaki wanaingia saa mbili asubuhi, barafu hakuna, na ikifika adhuhuri anayenunua ndiye anayepanga bei kwa sababu anajua samaki hawamngoji mwenyewe. Akataja bei ya asubuhi, akataja bei ya adhuhuri. Basi. Akanyamaza, na beseni bado liko mapajani mwa afisa, na harufu yake. Afisa akauliza, "Mtambo uliharibika lini?" Akajibiwa. Akauliza nani anautunza. Mwingine akadakia. Wakaulizana wao kwa wao kwa muda ambao sikuupima lakini haukuwa dakika tatu.

Nilimfuata nyumbani siku ya pili nikamwomba anifundishe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa namna ya kuchota maji. Akasema, "Sikusema kitu mimi. Niliwatia paukwa tu."

Naendelea chini.

---

MwanaDau

Maneno yale nimeyatafuna mpaka leo. Tazameni jinsi hadithi zetu zinavyoanza. Msimuliaji haingii tu. Husema "Paukwa!" akangoja mkajibu "Pakawa!" Au husema "Hadithi, hadithi!" nanyi mkaita, "Hadithi njoo!" Yaani hadithi inaitwa na wasikilizaji ndipo ije. Bila wito wao, nyanya yangu alikuwa anageukia ukuta analala, nasi tunabaki na giza letu.

Kitendawili kadhalika. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa kutegua, mtegaji anakudai: "Nipe mji." Unampa Pate, unampa Siyu, unampa Faza, na ukimpa mji asioutaka anaukataa. Msikilizaji ana kazi na ana cha kupoteza. Ndiyo maana hasinzii.

Yule mama alisema jambo ambalo sikulipata shuleni: mtu akishajibu "pakawa", kinywa chake kimeshaingia ndani ya mambo yako, hawezi tena kujifanya mpita njia. Beseni lilikuwa paukwa yake. Mimi nilisoma kurasa zangu bila kumwachia mtu pahali pa kujibia.

Na wazee wetu waliyajua haya kwa mambo makubwa zaidi ya bei ya samaki. Kumbukeni kisa cha Fumo Liyongo gerezani Pate. Mama yake alimtilia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakala mikate mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa. Lakini tupa inalia inapokata chuma. Basi Liyongo akawaita watu kwenye ngoma ya gungu, akaimba, nao wakaitikia kwa matoazi na pembe na vigelegele, na sauti ya watu ikafunika sauti ya tupa. Tangu utotoni nilidhani kisa hiki ni cha nguvu za Liyongo. Siku hizi nakisikia vingine. Mwitikio wa watu ndio uliomwezesha kukata pingu.

---

Maalim_Langoni

Waaleikum salaam, katibu. Umeandika vizuri na nakuheshimu. Ila naona hatari. Tukiwaambia vijana waende mbele ya serikali na mabeseni na ngano, watachekwa. Kule wanataka takwimu na vifungu vya sheria. Hadithi ni za watoto wakati wa kulala, na maigizo mengi ya siku hizi ni kelele.

---

MwanaDau

Maalim, shikamoo. Neno lako lina uzito, nami sikuitupa karatasi. Tulirudi na karatasi *pamoja na* beseni.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kimelitaka bunge la kaunti liwashirikishe watu katika kazi zake. Si maneno ya kupamba. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa hapa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Kwa hivyo mlango upo, Maalim. Watu wetu wanafika mlangoni hapo wakakosa ulimi, na ndilo linaloniuma.

Takwimu inamwambia afisa tatizo ni kubwa kiasi gani. Haimwambii kwa nini ainuke kitini. Yule mama alitaja bei mbili tu, ya asubuhi na ya adhuhuri, na hadi leo watu waliokuwa pale wanazikumbuka. Kurasa zangu zilikuwa na tarakimu kama arubaini. Mimi mwenyewe sikumbuki hata moja.

Kuhusu maigizo, ngoja nieleze tunachofanya, kisha unihukumu.

Kuna Mbrazili mmoja, Augusto Boal, marehemu tangu 2009. Miaka ya sabini, akiwa uhamishoni, alifanya kazi Peru katika mpango wa kuwafundisha watu kusoma. Amesimulia mwenyewe kwamba siku moja waliigiza kisa cha mwanamke aliyedanganywa na mumewe, wakawauliza watazamaji afanye nini. Mama mmoja akasema azungumze na mume *waziwazi*. Waigizaji wakajaribu. Akasema, siyo hivyo. Wakajaribu tena. Siyo hivyo! Alikasirika hata Boal akamwambia basi panda uonyeshe. Akapanda, akashika ufagio, na yule mwigizaji wa kiume akaelewa maana ya waziwazi. Tangu hapo mtazamaji akapewa haki ya kuingia mchezoni. Boal huyohuyo alikuja kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, akatumia maigizo ya mitaani kukusanya maoni, na sheria 13 zikapitishwa kutokana na kazi hiyo.

Sisi tulijifunza mtindo huu kwa kijana wetu mmoja aliyerudi kutoka Mombasa. Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa dakika kumi, juu ya mpiga mbizi wa kamba mawe wa baharini na mnunuzi. Tuliucheza ufuoni baada ya alasiri, watu wamekaa nusu duara mchangani, mgongo wao kwenye jua ili wasikunje macho. Mnunuzi anapima kamba huku kidole gumba kimelalia sahani ya mizani. Anasema, "Huyu mdogo, nusu bei." Kijana anapokea pesa, anaondoka. Mchezo umekwisha hapo, vibaya kama unavyokwisha kila siku.

Kisha mratibu anasimama: "Je, yatokea haya?" Wote: "Yatokea!" "Basi tunarudia. Anayeona kijana angeweza kufanya vingine, aseme *Simama!*, aingie mahali pake."

Kanuni ni moja na hatuilegezi: unabadili aliyedhulumiwa, humbadili mdhalimu. Kijana mmoja alitaka kuingia kama mnunuzi aliyetubu na kulipa bei nzuri. Mratibu akauliza watu, "Yatokea?" Wakajibu, "Laa! Huo uchawi!" Akakaa. Wa pili akaingia akafoka. Mnunuzi akamwambia peleka kwingine, na kwingine hakuna. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo ambaye sijawahi kumwona akisema kikaoni. Aliingia, akaketi, akaagiza chai. Hakumtazama mnunuzi. Akamwita mwenzake, akamwita na mwingine, wakakaa watatu na kamba wao, kisha akasema polepole, "Bwana, toa kidole kwanza. Halafu utupimie sote pamoja." Mnunuzi, aliyekuwa mwigizaji tu, aliondoa kidole kabla hajajua ameondoa. Ufuo mzima ulilipuka.

Miezi miwili baadaye wapiga mbizi sita walichanga wakanunua mizani yao. Sisemi ni mchezo peke yake uliofanya hivyo. Lakini sentensi waliyoitumia kwa mnunuzi ni ileile ya mzee, na walikuwa wameshaisikia ikifanya kazi. Hapo ndipo faida ilipo: unafanya mazoezi ya mazungumzo magumu mahali ambapo ukikosea hupotezi kipato.

---

Chausiku_Malindi

Kaka MwanaDau, huku Malindi tunaye mwalimu wa haya yote, na sanamu yake imesimama pale bustanini: Mekatilili wa Menza. Yeye aliwakusanya Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza, kwa ngoma ya kifudu, akienda kijiji hadi kijiji. Na mwaka 1913, afisa wa kikoloni Champion alipotaka vijana wa kazi, inasimuliwa kwamba Mekatilili alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia hebu chukua kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Akamwambia ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu. Hakusoma kifungu chochote. Alimfanya Champion mwenyewe anyooshe mkono.

Swali langu sasa. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nazunguka nyumba kwa nyumba. Akina mama wananisikiliza kwa adabu, wanasema ndiyo, kisha kliniki hawaji. Ninyi mna ufuo na watu wengi. Mimi nina mama mmoja na mkwewe na mlango.

---

MwanaDau

Dada Chausiku, umenipa kisa ambacho nitakitumia mpaka nizeeke. "Alimfanya anyooshe mkono." Ndiyo hiyo hasa!

Kwa nyumba kwa nyumba sina uzoefu wako, ila nakupa nilichojifunza kwa mhudumu mmoja wa huku. Yeye hutumia mpangilio unaofundishwa na Marshall Ganz, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyefanya kazi miaka mingi na chama cha wafanyakazi wa mashambani kule California. Kwa Kiswahili unakaa vizuri sana: Mimi, Sisi, Sasa. Kisa changu mwenyewe kilichonileta hapa. Jambo letu sote humu ndani. Hatua moja ya leo. Mhudumu huyu huanza na kuchelewa kwake mwenyewe kwenda kliniki mimba yake ya kwanza na alichokiona usiku ule. Hasemi "inashauriwa". Kisha humgeukia mkwe, kwa sababu mkwe ndiye mwenye uamuzi, akamuuliza, "Mama, wewe ulizaa wangapi na nani alikushika mkono?" Mkwe akianza kusimulia, kazi imeingia mikononi mwake. Anayemalizia kwa "basi nendeni kesho" huwa ni mkwe.

Ila kuna jambo nalisema kwa ukali kidogo: usitumie kamwe kisa cha mgonjwa wako, hata ukificha jina. Mitaa yetu ni midogo, ukisema "mama mmoja wa nyumba ya pili" watu wameshamjua. Simulia chako, au changanya visa vingi mpaka kisiwe cha mtu. Kikundi chetu kiliwahi kuigiza ugomvi wa mirathi uliofanana mno na wa nyumba fulani, na mwenye nyumba alikuwa amekaa mbele. Tulikwenda kumwomba radhi usiku uleule. Hakutufokea, na hilo lilikuwa zito zaidi. Tangu siku hiyo hakuna mchezo unaotoka kabla ya watatu kuuchunguza kwa jicho hilo.

Na kwa wanawake, huku kwetu si wote watapanda mbele ya hadhara, na hatumlazimishi mtu. Akina dada wana kikao chao uani, waigizaji ni wao kwa wao, na wengine hutumia vikaragosi walivyoshona kwa leso kuukuu. Kikaragosi husema mbele ya mkwe maneno ambayo mkaza mwana hawezi.

---

Kijana_Mokowe

Wakubwa shikamooni. Mimi niko tofauti, sina kikundi wala cheo. Naitwa kwenye usaili wa kazi, naulizwa "tueleze kuhusu wewe", koo linakauka. Mara tatu sasa. Nifanye nini?

---

MwanaDau

Marahaba, mdogo wangu. Nisikilize, hili linafundishika.

Koo kukauka ni pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua juu, kifuani, sauti inatoka nyembamba na maneno yanakimbizana. Sisi tunafanya zoezi hili wakati wa kusi: mmoja anasimama ufuoni, mwenzake anakaa ndani ya dau hatua thelathini mbali. Unamwambia habari yako bila kupiga kelele. Ukipayuka, upepo unachukua. Ukipeleka pumzi chini tumboni, ukafungua kinywa na kumalizia kila neno mpaka irabu ya mwisho, anasikia. Kiswahili kimetupa neema hiyo, maneno yetu huishia kwa irabu, lakini tukiogopa tunazimeza. Fanya wiki mbili. Kama huna dau, tumia jeti ya Mokowe alfajiri.

Sasa maneno yenyewe. Usianze na jina, shule, na mwaka wa kuhitimu, wameshavisoma. Anza mahali jambo linapotokea. Una kisa gani?

---

Kijana_Mokowe

Nilifanya kazi ya kibarua ghala moja la saruji, nikagundua hesabu ya mifuko haikubaliani. Lakini si kitu kikubwa.

---

MwanaDau

Ni kikubwa! Anza hivi: "Ilikuwa jioni, lori la mwisho limeshuka, na daftari lilisema mifuko mia mbili. Nilihesabu mara mbili nikapata mia moja na tisini na mbili." Nyamaza kidogo. Waliokaa mbele yako watakuwa wanataka kujua ulifanya nini, na mmoja wao atauliza. Akiuliza, umeshapata "pakawa" yako.

Kisimulie kwa rafiki kwa dakika tatu. Kisha dakika moja. Kisha kwa pumzi moja. Kile kinachobaki kwenye pumzi moja ndicho usikisahau hata ukitetemeka, na vingine unaweza kuviacha vianguke.

---

Binti_wa_Shela

Naomba kusema. Mimi natembeza wageni mji wa kale. Nimeudhika miaka mingi na wenzangu wanaotia chumvi: majini kila kichochoro, masultani wasiokuwepo. Wageni wanafurahi, na mji wetu unageuzwa kichekesho. Je, kusimulia si ndiyo mlango wa uongo huo?

Mimi zamani nilimwaga tarehe. Mji kuingizwa urithi wa dunia 2001, ngome kumalizika miaka ya 1820, ngome kuwa jela mpaka 1984. Yote ni kweli, na nilikuwa nawaona macho yao yanahama. Sasa nawapeleka kwenye daka la nyumba ya shangazi yangu, nawaketisha kwenye baraza la mawe, siwaambii kitu. Wanakaa. Wanahisi ubaridi wa jiwe. Halafu namwomba mmoja agonge na aseme "Hodi". Shangazi anangoja, makusudi. "Hodi" ya pili. Ndipo sauti inatoka ndani: "Karibu." Baada ya hapo nikiwaeleza kwa nini daka liko nje na wanaume wageni walikomea wapi, wanaelewa, kwa sababu wamekalia maelezo yenyewe.

---

MwanaDau

Dada, nimesoma mara mbili. Umejibu swali lako kuliko nitakavyoweza. Hodi na karibu ni paukwa na pakawa! Nimepita kwenye madaka yale tangu nazaliwa na sikuwahi kuliona hilo.

Kuhusu chumvi niko nawe kabisa. Ngano ni ngano, na "paukwa" yenyewe humwambia msikilizaji kwamba sasa tunaingia nganoni. Ukisimulia kama habari ya kweli, kila kitu kiwe kweli, mpaka idadi ya mifuko ya saruji.

---

Maalim_Langoni

Katibu, nimesoma yote. Jana darasani nilikuwa na somo la insha. Badala ya kusoma mfano, niliingia na ufunguo mkubwa wa zamani wa nyumba yetu, nikampa mtoto wa mwisho nyuma, yule asiyenyoosha mkono. Nikamwambia, "Nishikie." Nikaendelea na somo. Dakika kumi hazijapita akauliza, "Maalim, huu unafungua wapi?" Ni swali lake la kwanza tangu muhula uanze. Darasa zima likageuka kumtazama.

Mtambo wa barafu je?

---

MwanaDau

Maalim, Mungu akuzidishie. Mtambo ulitengenezwa baada ya miezi saba, ukafanya kazi mwaka mmoja, sasa umesimama tena. Maoni ya bajeti yanakaribia. Safari hii mama atakwenda na wasichana wanne aliokuwa akiwafundisha, kila mmoja na dakika zake tatu, nami nitakuwa nyuma yao na karatasi, mtambo wa barafu ukurasa wa kwanza.

Mazoezi ni Jumamosi baada ya alasiri, ufuoni, maji yakiwa yametoka. Kijana wa Mokowe, panda boti uje. Njoo na kisa chako cha saruji, na kama umebaki na mfuko mtupu wa ghala lile, uje nao.